Nafasi Moja kwa Profesa Grosso

Nianze na ukweli nisije nikasingiziwa mengine: nilimwonea Ailín Sosa wivu miaka minne mfululizo, sikupumzika hata sikukuu. Na Ailín alikuwa rafiki yangu. Tulikaa nyumba moja, vyumba viwili na jiko, ghorofa ya tatu, mtaa wa Mendoza hapa Rosario, mji wa bandari ya mtoni, wote tukisomea usimamizi wa biashara. Tuliazimana sweta. Nikipata mafua alinipikia supu ya malenge. Wivu wangu haukujali hayo. Ulikunywa supu ukaendelea na kazi yake.

Ulianzia darasani, mwaka wa kwanza. Vijana wa vyama vya wanafunzi waliingia katikati ya somo, kama desturi yao, wakaomba dakika tano za kulaani ziara ya wakopeshaji wa kimataifa. Sisi wa biashara dakika hizo huwa tunakula biskuti. Ailín akanyoosha mkono akauliza swali moja tu: wakopeshaji wakifukuzwa kesho, meli zilizoko mtoni zitajazwa na nani, na kwa bei gani? Yule kijana akapata kigugumizi. Darasa likacheka, naye mwenyewe akacheka, na kipindi kilipoisha akamfuata kumwalika kwenye mkutano wao. Swali hilo nilikuwa nalo mimi pia. Haki ya Mungu nilikuwa nalo. Ila nilikuwa bado natafuta namna nzuri ya kuliuliza.

Ikawa hivyo siku zote. Mimi nasoma mpaka macho yanawasha, napata nane kwa kumi. Yeye anasoma amesimama kwenye foleni ya fotokopi, anapata tisa, kisha ananiambia, "Shoga, wewe ndiye unayejua. Mimi nabahatisha tu." Angekuwa na majivuno ningemchukia kwa raha zangu. Hakuwa nayo, na hilo lilinikera kuliko yote.

Watu wa siasa pale chuoni, wale waliobandika mabango mpaka kwenye milango ya vyoo, wana maneno makubwa ya kuielezea dunia: ubeberu, mtaji, utegemezi. Mimi siasa za dunia nilizielewa kwa kuishi na Ailín. Yale mataifa mawili makubwa yanayotwangana kwa ushuru, huyu anaweka kwenye vyuma, yule analipiza kwenye soya, mnadhani ni hesabu? Hesabu zake nimezisoma. Wote wawili wanapata hasara na wote wanajua. Shida ni kwamba mmoja hapati usingizi akijua mwenzake amelala. Na sisi huku kusini si bora. Yule kati yao anayenunua soya akisusia ya mwenzake wa kaskazini, Rosario nzima inachangamka, meli zinapanda mto Paraná zimefuatana, na kabla hatujamaliza kufurahi tunachungulia kwa jirani: Wabrazili wameuza kiasi gani? Tukisikia wametuzidi, furaha inaingia mchanga. Marais wanapiga picha wamekumbatiana, na kila mmoja anatazama meli za mwenzake juu ya bega. Picha hiyo naijua vizuri. Ndivyo nilivyokuwa nikimkumbatia Ailín kila matokeo yakitoka.

Mwezi wa Agosti likabandikwa tangazo. Profesa Etelvina Grosso wa biashara ya kimataifa anatafuta mwanafunzi msaidizi. Mmoja.

Niseme nafasi hiyo ilikuwa nini kwangu. Mshahara wake haununui hata viatu. Ni kweli waliowahi kuwa wasaidizi wa Grosso hupata kazi nzuri kwenye kampuni za nafaka, lakini hata hilo sikulifikiria sana. Nilitaka mara moja, mara moja tu katika maisha yangu, jina langu, Bonfanti, lisomwe kabla ya jina Sosa. Nilimwambia Ailín kwamba naomba, nikitumaini ataelewa na kukaa pembeni.

"Hata mimi!" akapiga makofi. "Tutasoma pamoja, Noe. Yeyote atakayepata, nafasi inabaki nyumbani."

Inabaki nyumbani! Nilicheka mpaka mashavu yakauma.

Ushindani wa namna hiyo kwetu hufanywa hadharani. Ijumaa saa sita mchana tulikutana ofisini, mbele ya mashahidi. Kuna kitungi cha mbao chenye vigololi kumi, kila kigololi na mada yake. Kinazungushwa, kigololi kinadondoka, na hiyo ndiyo mada ya wote. Jumatatu asubuhi kila mmoja anaifundisha kwa dakika ishirini mbele ya maprofesa watatu. Kikadondoka namba nne: vita vya ushuru na soya inayouzwa nje.

Ailín akanifinya mkono. Kisha akatoa simu yake, akaizima, akaitia ndani ya soksi na soksi akaisukumia chini kabisa ya mkoba.

Huo ulikuwa mwiko wake. Hapa kwetu kila mwanafunzi ana mwiko wa mtihani. Mimi siku ya mtihani sioshi nywele. Tobías, rafiki yetu wa kwenye fotokopi, hapiti mlango mkubwa, anazunguka jengo zima hata mvua inyeshe. Ailín mada ikishajulikana hagusi simu, gazeti, redio wala televisheni mpaka amalize. Anabaki na daftari lake tu. Alifanya hivyo mara ya kwanza kwa bahati, akafaulu, na kitu kikifaulu mara moja huku kwetu kinakuwa dini. Na mwiko wa mtu hauvunjwi. Ukimvunjia mtu mwiko akaanguka, anguko hilo utabebeshwa wewe mpaka uzeeni.

Jioni hiyo hiyo Ailín alikuwa kazini kwenye duka la mikate, mimi niko jikoni nakaanga milanesa, nyama ya kupakwa chenga za mkate. Simu ikalia. Baba, kutoka shambani Firmat.

"Noelia!"

Baba akiniita jina zima, ujue mvua imeharibu kitu, au serikali.

"Vipi mzee, kuna nini?"

"Wamepunguza ushuru wa soya inayouzwa nje! Sasa hivi, redioni! Mpaka mwisho wa mwezi!"

"Si habari njema hiyo?"

"Njema kwa nani? Mimi nimeuza jana! Jana, Alhamisi! Mama yako ndiye aliyesema uza, mvua inakuja!"

Nyuma yake nikamsikia mama: "Usinisingizie, Hugo! Mimi nilisema uza nusu!"

"Na yule Peretti," baba akaendelea, hamsikilizi, "yule mvivu, hakuuza hata gunia kwa uvivu wake, sasa anapita na pikapu mbele ya geti langu anapiga honi. Anapiga honi, mwanangu! Mara ya tatu hii!"

"Achana naye, mzee."

"Niachane naye? Wewe ungeachana naye?"

Nisingeachana naye. Tumezaliwa hivyo. Nilimtuliza baba, nikakata simu, na milanesa zilikuwa zimeungua upande mmoja. Nilikuwa nazikwangua kwa kisu ndipo jambo likanijia kichwani: kiwango cha ushuru kilichomo kwenye madaftari yetu kimekufa tangu saa moja jioni. Na Ailín hatajua. Dunia nzima itajua isipokuwa Ailín, kwa sababu simu yake imelala ndani ya soksi.

Aliporudi, amebeba mfuko wa vitobosha vya jana, alikula milanesa iliyoungua akaisifia.

Jumamosi ikapita. Jumapili alasiri tulikaa mezani, kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani, kinakwenda na kurudi kati yetu, yeye ndiye anayemimina. Akanisukumia karatasi saba, mwandiko wake mzuri uliolala upande.

"Nisomee, Noe. Kila nukta. Kama kuna kitu kimekaa vibaya nipasulie."

Nikasoma. Lilikuwa somo zuri mno na lilinichoma. Alianza na mkulima mmoja anayesimama shambani kwake asubuhi, akamtoa mkulima huyo mpaka bandarini, kutoka bandarini mpaka kwenye meza ya wakubwa wawili wanaogombana, na ukifika hapo ugomvi wa dunia ulikuwa umeeleweka kama ugomvi wa majirani. Langu lilikuwa na majedwali sita. Nilitamani kulichana lake na langu pia.

Ukurasa wa tatu nikakiona kile kiwango cha zamani. Amekiandika kwa wino mwekundu, akakizungushia duara, na hesabu zote za kurasa nne zilizobaki zimesimama juu yake.

"Umenyamaza," akasema. "Kuna kosa?"

Mate yalikuwa yamepoa mkononi mwangu. Nilimwona kesho yake, chaki mkononi, Profesa Grosso anamwambia mbele ya watu: binti, hiyo si namba tena. Nilimwona akitahayari. Sijawahi kumwona Ailín akitahayari, na nilitaka kumwona kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Hakuna kosa," nikasema. "Safi kabisa."

"Kweli? Usinionee huruma."

"Kweli, bwana. Mimina maji, haya yamepoa."

Alifurahi mpaka akainuka kunibusu kichwani. Usiku nilijiambia kwamba sikumwambia kwa sababu ya mwiko wake, kwamba kumwambia habari za redio kungekuwa kumharibia. Nilijiambia mara nyingi, kwa sauti tofauti tofauti, kama wakili. Nikalala vizuri tu.

Jumatatu saa tatu wakapiga kura ya nani aanze. Sosa kwanza, Bonfanti wa pili. Mlango ukafungwa. Nilibaki kwenye korido na Tobías, aliyekuja kututia moyo akiwa na chupa yake ya maji ya moto.

"Umekauka kama mti, Noe," akanitania. "Ni msaidizi tu, si urais."

"Wewe nenda katoe fotokopi zako."

Baada ya kama dakika kumi ndani kukawa kimya, kimya kirefu. Tayari, nikasema. Kisha nikasikia vicheko. Sikujua vicheko vya namna gani. Nikavichagulia maana niliyoitaka.

Mlango ukafunguliwa, karani akaniita. Ubao ulikuwa umefutwa, una ukungu wa chaki. Sikumtazama mtu yeyote isipokuwa wale watatu mezani, Profesa Grosso katikati, miwani imeshuka puani. Nikaanza. Nilifundisha vizuri, siwezi kujinyima haki yangu. Nilipofika kwenye jedwali la nne nikatua, nikawaangalia. Hapo ndipo nilipokuwa nimeitunza karata yangu. Ningeweza kuandika tu namba mpya ubaoni nikaendelea. Lakini mtu mwenye wivu hatosheki kushinda, anataka ionekane amemshinda nani.

"Hapa lazima nisahihishe jambo," nikasema, "maana kuna wanaotumia bado kiwango cha zamani. Ushuru umebadilishwa Ijumaa jioni. Baba yangu ni mkulima wa Firmat, alinipigia saa moja kamili, kabla magazeti hayajaandika chochote."

Profesa Grosso akainua uso. "Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii, Profesa. Nilikuwa napika."

Nilisema nilikuwa napika! Nilitaka waone kwamba habari za dunia zinanifuata mpaka jikoni. Na kwa majivuno hayo nikainua macho kuwatazama wasikilizaji, nikamwona Ailín.

Mshindani akimaliza anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Kanuni hiyo naijua tangu mwaka wa kwanza, ila asubuhi ile nilikuwa nafikiria anguko lake tu, sikufikiria atakaa wapi baada ya kuanguka. Alikuwa mstari wa nyuma, chaki kwenye mkono wa sweta, sweta yangu ya kijani. Alikuwa anatabasamu kunitia moyo, kichwa kinakubali kila ninachosema kama afanyavyo siku zote. Tabasamu likabaki pale sekunde kadhaa, kama mtu anayejumlisha kitu kichwani na kurudia ili ahakikishe. Halafu likaondoka. Dakika zangu zilizobaki sikumbuki nilisema nini.

Maprofesa walijifungia nusu saa. Waliporudi, Profesa Grosso alisoma uamuzi amesimama.

Sosa, wa kwanza. Bonfanti, wa pili.

Akasoma na sababu, maana kanuni inamtaka asome. Mshindani Sosa alikuja na kiwango kilichopitwa na wakati. Alipojulishwa na meza ya maprofesa, alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba katika nchi hii ukitengana na redio siku mbili unarudi mgeni, akafuta ubao wote, akaanza hesabu upya mbele ya watu, namba ya zamani upande mmoja na mpya upande mwingine, akawaonyesha wasikilizaji jinsi kalamu ya mtu mmoja ofisini inavyomfikia mkulima kabla hajala chakula cha jioni. Meza haijawahi kuona kosa likifundisha kiasi hicho. Mshindani Bonfanti alikuwa sahihi kwa kila namba.

Kwa maneno mengine, ningemwambia Jumapili pengine ningemshinda. Nilimnyamazia kosa na kosa likampa ushindi.

Tulipokuwa tunatoka Profesa Grosso alinigusa bega. "Bonfanti, nyinyi wawili si mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo, Profesa."

Alinitazama kidogo, akarekebisha miwani, akaenda zake.

Ailín alinisubiri kwenye ngazi. Chini uani Tobías na wengine walikuwa wanaimba jina lake na kupiga vifuniko vya madebe.

"Hongera," nikasema.

"Asante." Akashika reli. "Ijumaa saa moja jioni, Noe?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikupa karatasi zangu Jumapili."

"Ndiyo."

Kisha akasema polepole, macho yananiomba, "Uliogopa kunivunjia mwiko wangu. Si ndiyo? Ulijua nisingetaka kusikia."

Alikuwa amenishikia mlango wazi niingie. Neno moja tu, ndiyo, na tungeshuka ngazi tumeshikana mikono, jioni tungekula piza, na maisha yangeendelea. Nilikuwa na neno lenyewe ulimini. Lakini nikaona: nafasi ni yake, sifa ni zake, watu wanaimba jina lake, na sasa anataka na wema uwe wake, mimi niwe yule anayesamehewa. Hapana. Hilo sikuweza kumwachia.

"Mwiko wako haukunipitia hata kichwani," nikasema. "Niliona kosa ukurasa wa tatu nikanyamaza. Nilitaka uanguke."

Nimewahi kusikia mtu akisema nilikuwa jasiri kukiri. Ujasiri gani? Ulikuwa wivu ule ule, umegeuza nguo tu.

"Mbele ya watu?" akauliza.

"Mbele ya watu wote."

"Nimekufanyia nini, Noe?"

"Hujanifanyia kitu! Ndiyo shida! Kila kitu kwako rahisi. Unasoma umesimama. Unakosea na unapigiwa makofi. Hata hapa unatafuta kunisamehe!"

Akacheka, kicheko kikavu ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Rahisi," akasema. "Unajua kwa nini naweza kuzima simu siku tatu? Kwa sababu hailii. Baba yangu hajui hata nasoma nini, mama akitoka zamu kiwandani analala. Kila wiki wewe unagombana na mzee wako kwenye simu, mvua, magunia, Peretti, na mimi nasimama kwenye sinki nafungua maji kidogo kidogo ili nisikie. Sahani moja naiosha dakika ishirini. Wivu unanitafuna, Noe, unanitafuna hasa. Lakini sijawahi kuomba mzee wako aache kukupigia."

Alishuka kwenda kwa watu wake. Nilimwona akiinuliwa juu juu, na unga ukimwagwa kichwani mwake, kama tunavyowamwagia hapa waliopata shahada. Nilikaa kwenye ngazi. Ningependa kusema nililia kwa ajili yake. Nilijililia mwenyewe, na katikati ya kilio nikagundua namwonea wivu hata kwa maneno aliyoniambia, jinsi alivyoyapanga vizuri bila kuandika popote.

Alihama Alhamisi. Binamu yake alikuja na gari dogo, akabaki chini analilinda kwa sababu pale hapaegeshwi. Lifti ilikuwa imeharibika tena. Nilimsaidia kubeba, hakunikataza. Safari tatu, vitabu, blanketi, sufuria yake ya supu, ghorofa tatu kwenda na kurudi, na hakuna aliyesema neno. Safari ya mwisho yeye alitangulia na mimi nyuma, sanduku limenifika kidevuni, sioni miguu yangu. Msafishaji alikuwa ndiyo kwanza amepitisha deki.

"Angalia," Ailín akasema, hakugeuka. "Hapo pana maji."

Nikakanyaga pembeni.